Mfereji wa Kasongo

Asubuhi ile Dainess alianza kufagia uwanja, akaacha katikati. Aliingia jikoni kuchochea moto, akauacha unafuka moshi. Akachukua ndoo na kamba, akashuka kisimani. Tangu mumewe afariki, mikono yake ilikuwa hivyo. Ilishika kila kitu, haikumaliza kitu.

Kisima chao kilikuwa chini ya mteremko, kati ya nyumba na kinamasi. Kitongoji chao cha Nyamigogo kiko kusini mwa Ujiji, ziwa likiwa mbele na mashamba nyuma. Miaka yote maji ya kisima hicho yalikuwa karibu. Hata mtoto aliinama tu akachota. Sasa Dainess aliteremsha kamba, akaiongeza, akaiongeza tena. Ndoo ikagonga tope. Ilipopanda ilikuwa na maji machache mekundu yenye harufu.

"Mama, haya ni ya kunywa?" aliuliza binti yake, Mariana.

"Ya kunawa miguu. Na miguu yenyewe itakataa."

Mariana alicheka. Dainess hakucheka. Alikuwa anatazama kinamasi. Zamani mafunjo yalisimama pale ya kijani, marefu kuliko mtu. Sasa yalikuwa yamekauka na kuinama.

Jirani yake Yunisi alikuja na ndoo yake tupu. Yunisi alisuka mikeka ya mafunjo na kuiuza sokoni Mwanga. Alikuwa pia mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji.

"Mama Heritier, umeamkaje?" Yunisi alimwuliza Dainess, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

"Nimeamka. Kisima ndicho hakikuamka."

"Yewe! Hata leo?" Yunisi alichungulia ndani. "Basi na kule kwa Mzee Leonardi kuna msiba wa nyanya. Kiboko kapita katikati ya bustani. Kazikanyaga zote, utadhani anatengeneza mchuzi."

"Viboko wamezidi siku hizi."

"Hawajazidi. Hawana maji ya kukaa." Yunisi aliweka ndoo chini. Sauti yake ikapungua. "Mama Heritier, Jumamosi kuna mkutano. Kamati itazungumzia ule mfereji."

Dainess alianza kukunja kamba haraka haraka.

"Mnataka kuufukia."

"Tunataka kuzungumza. Unapita kwenye kiwanja chako. Bila wewe hakuna atakayeugusa."

"Basi usiguswe," alisema Dainess. Akapanda mteremko, akaisahau ndoo.

Mfereji ule aliuchimba mumewe, Kasongo, miaka ile ziwa lilipopanda. Watu wa pwani hii wanaikumbuka. Maji yaliingia majumbani. Vyoo vilijaa. Watu walihamisha magodoro kwa mitumbwi. Kinamasi nacho kilifurika, kikakosa pa kumwaga. Kasongo alichukua jembe na koleo, akaanza kukata udongo kutoka kwenye kinamasi hadi ziwani. Rafiki yake Leonardi alimsaidia. Walichimba wakiwa wamesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Ziwa liliposhuka kidogo, maji yaliyotuama yalitoka kwa mfereji huo, na nyumba nyingi zikapona.

Mwaka uliofuata homa ilimchukua Kasongo. Aliacha nyavu, koti la mvua na mfereji. Nyavu ziliuzwa. Koti alilichukua Heritier, mtoto wao wa kwanza, anayefanya kazi bandarini Kigoma. Kwa Dainess ulibaki mfereji. Kila jioni alikwenda kuusafisha. Majani yakianguka, aliyatoa. Kingo zikibomoka, alizichonga upya kwa jembe. Hakuna aliyemwambia kwamba kila alipouzibua, alikuwa anakikausha kisima chake mwenyewe.

Siku mbili kabla ya mkutano, Dainess alikuwa anaanika mihogo. Mariana hakuonekana. Ndoo pia haikuwepo. Dainess alitoka mbio, kitambaa kikamdondoka kichwani. Alijua mtoto amekwenda wapi. Kisima kimeshindwa, na ziwa limerudi nyuma, ni mbali kwa mtoto. Maji yalibaki sehemu moja tu, kwenye dimbwi katikati ya kinamasi.

Alimkuta Mariana amesimama ndani ya mafunjo makavu, ndoo kifuani, hasogei. Mbele yake palikuwa na dimbwi dogo lililojaa tope. Ndani ya tope kulikuwa na migongo miwili mikubwa ya kijivu. Kichwa kimoja kiliinuka. Masikio yakatikisika. Kisha kiboko akafunua kinywa.

"Usikimbie," alisema Dainess kwa sauti ndogo. "Rudi nyuma. Polepole. Niangalie mimi."

Mariana alirudi kinyumenyume. Mama yake alimshika mkono, wakarudi hivyo hivyo mpaka wakafika kwenye miti. Hapo ndipo walipokimbia.

Nyumbani Dainess hakuweza kukaa. Aliketi, akasimama. Alimpa mtoto chai, akainywa mwenyewe. Mwishowe akaenda kwa Yunisi.

"Nionyeshe ubaya wa mfereji," alisema. "Usinihubirie. Nionyeshe."

Yunisi aliacha mkeka aliokuwa anausuka. Walizunguka mpaka ukingo wa juu wa kinamasi, mbali na mfereji na mbali na viboko. Huko mafunjo machache yalikuwa bado ya kijani. Yunisi aling'oa bonge la mizizi na tope, akampa.

"Likamue."

Dainess alikamua. Maji yalimtiririka mpaka kwenye viwiko.

Kisha wakashuka karibu na mfereji. Yunisi akang'oa bonge lingine. Dainess alipolibana, lilivunjika likawa vumbi.

"Kinamasi ni kama godoro lililoloa," alisema Yunisi. "Mvua ikinyesha, linanywa. Kiangazi linaachia kidogo kidogo. Ndiyo maji ya kisima chako. Udongo unaotoka mashambani unatua hapa, hauendi kuchafua ziwa. Kambare na perege wanazalia hapa. Kiboko anashinda kwenye maji marefu, usiku anatoka kula majani. Akikosa maji marefu, anakuja karibu na watu, na anakuwa mkali."

"Lakini Kasongo aliokoa nyumba!"

"Aliziokoa. Na yangu ikiwemo. Ziwa lilikuwa juu, maji yalihitaji pa kutokea. Sasa ziwa limerudi nyuma, mfereji haujui. Unaendelea kutoa tu, masika na kiangazi."

Dainess alitazama vumbi mkononi.

"Na mimi nauzibua kila jioni."

Yunisi alimpangusa tope kwenye mkono kwa ncha ya khanga yake.

Jumamosi watu walikaa kwenye kivuli cha ghala la dagaa. Afisa mazingira wa kata, Bi Marcelina, alikuwepo. Mzee Leonardi alisimama wa kwanza.

"Mimi nilichimba na marehemu. Ukifunga, ziwa likipanda tena, mtakuja kulala kwangu? Kwangu pia kutakuwa na maji!"

Watu wakacheka.

"Anasema kweli," alisema Bi Marcelina. "Tukiufunga kabisa, tutajuta siku ya mafuriko. Tujenge kizuizi cha mawe na viroba vya mchanga. Katikati tuache mahali pa chini kidogo. Maji ya kawaida yabaki kwenye kinamasi. Yakizidi, yapite juu yaende ziwani."

"Na nyanya zangu?" aliuliza Leonardi. "Nalima kando ya mfereji. Udongo wa pale ni mtamu."

"Ulikuwa mtamu," alidakia Yunisi. "Sasa unamwagilia nini, Mzee? Jasho?"

"We mama, ulimi wako!" Leonardi alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

"Bustani zisogee mita sitini kutoka kwenye maji, kama sheria inavyotaka," alisema Bi Marcelina. "Kisima kikirudi, utamwagilia kwa ndoo. Mengine mpange wenyewe."

Wakapanga. Hakuna kuchoma mafunjo. Wasukaji wakate upande mmoja, upande mwingine upumzike. Msimu samaki wanapozaa, hakuna nyavu ndani ya kinamasi, hata ya mtoto. Njia ya viboko iachwe wazi, mtu asilime wala kujenga juu yake. Ulinzi uwe wa zamu, nyumba kwa nyumba.

Kisha wote wakamgeukia Dainess. Alikuwa amesimama nyuma, anafunga na kufungua fundo la khanga.

"Shemeji," alisema Leonardi taratibu, "ukisema hapana, mimi niko upande wako."

"Siku ile marehemu alipokuwa anachimba," alisema Dainess, "nilimpelekea uji. Nikamwambia, baba, pumzika. Akasema atapumzika watoto wa Nyamigogo wakilala pakavu." Alikaza fundo la khanga. "Alichimba kwa ajili ya watoto. Juzi mtoto wake alisimama mbele ya kiboko kwa sababu ya ndoo ya maji. Jengeni. Ila na mimi niwepo."

Kazi ilianza Jumatatu. Wanaume walibeba mawe, wanawake walijaza viroba. Leonardi alisimama ndani ya mfereji akitoa amri, na kila alipotoa amri Yunisi alimwongezea kiroba. Dainess alipanga viroba tangu asubuhi mpaka jua la mchana. Alimaliza safu yake yote, kisha akaanza ya jirani.

Mvua za vuli ziliponyesha, maji yalikaa. Mafunjo yalichipua. Masika yalipokolea, maji yalifika juu ya kizuizi, yakapita pale pa chini kwa utulivu, na nyumba zikabaki kavu. Kiangazi kilichofuata, Mariana aliteremsha kamba fupi tu kisimani, na ndoo ikapanda imejaa maji meupe. Viboko walirudi kwenye maji yao marefu. Korongo walikuja wengi, wakatembea kando ya maji kwa madaha. Wavuvi wakaanza kupata perege wakubwa karibu na mdomo wa kinamasi. Leonardi alilima nyanya juu ya mteremko, akalalamika kubeba ndoo, akauza nyanya.

Siku moja walikuja wageni kutoka kijiji kingine cha ziwani. Nao walikuwa na mfereji wa miaka ya mafuriko, na visima vinavyokauka. Dainess aliwazungusha. Aliwaonyesha mawe, viroba, na pale maji yanapopita yakizidi. Mama mmoja mnene alibaki nyuma kidogo, akamshika mkono.

"Nimesikia mfereji ulichimbwa na mumeo, Mungu amrehemu. Hukuogopa? Angekuwepo leo, si angekasirika?"

Dainess alifikiri.

"Angekasirika mpaka saa ya kula," alisema. "Kisha angekuja hapa na tochi kuangalia kama tumeshindilia vizuri."

Yule mama akaangua kicheko. Dainess naye akacheka. Kisha akapanda juu ya kizuizi, akatafuta kiroba kilicholegea, akakikanyaga kwa kisigino mpaka kikakaa sawasawa.