Waliopelekwa Njia ya Tatu

"Hivi, jirani, mlango mmoja unawezaje kuwa wazi kwako na kwangu umefungwa?"

Mama Pacha aliuliza hivyo Jumamosi asubuhi, juu ya ukuta wa uani, simu mkononi, pacha mmoja mgongoni, wa pili akimvuta gauni. Siku hiyo Shirika la Nyumba lilikuwa likiandikisha watu wa kupanga nyumba mpya za mlimani. Kujiandikisha ni kwa mtandao tu, asubuhi moja tu, mpaka saa sita. Simu ya Mama Pacha ilisema: Nafasi zimejaa, tunawashukuru. Jirani yake akafungua ya kwake. Fomu ile pale, imekaa inasubiri kujazwa.

"Shika yangu, jaza haraka!"

Mama Pacha akajaza. Alipofika kwenye majina ya watoto saa sita ikatimia, na fomu ikajifunga mbele ya macho yao.

Jirani huyo alikuwa Mkaguzi wa mitandao serikalini. Miaka mingi alikuwa amewatazama wakubwa wakidanganya, mpaka uongo wao ulikuwa haumkasirishi tena. Ulimchosha, kama chakula kilichopashwa moto mara ya tatu. Lakini siku ile alikasirika. Mama Pacha alikuwa analala na watoto wake kwenye chumba kinachovuja, na Mungu ni shahidi, mvua zilikuwa zinakaribia.

Jumanne saa nne asubuhi Mkaguzi aliingia Shirika la Nyumba na barua ya ukaguzi.

"Umechelewa, mwenzangu," Mwenyekiti wa Shirika alimwambia, mama mnene mwenye miwani ya kamba. "Mhalifu tumeshampata. Saa kumi natia sahihi orodha ya wapangaji, na sahihi yangu ikishakaa hapo nyumba zina wenyewe. Haigeuki."

Mhalifu mwenyewe alikuwa ameketishwa kwenye korido kama mtoto aliyevunja sahani. Ni Fundi wa kurasa za mtandao, binti mwembamba, macho mekundu.

"Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako," Mkaguzi alimwambia.

"Shangazi, tumekodi kampuni tatu za kusambaza kurasa zetu. Kila moja inaweka nakala karibu na watu ili ukurasa usikawie kufunguka. Sisi tunaziita njia: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katikati kuna mtambo wa kugawa. Kila mgeni anayekuja, mtambo unampeleka njia iliyo nyepesi. Ila mtu mwenye ruhusa anaweza kuuamuru, watu wa laini fulani wapite huku."

"Na mtambo uliamriwa?"

"Ijumaa jioni. Watu wote wa ile laini ya simu ya bei rahisi wapelekwe njia ya tatu. Na njia ya tatu ina ukurasa wa mwaka jana, haukufutwa. Ule wa nafasi zimejaa." Akafuta pua. "Amri imeingia kwa neno langu la siri. Lakini wallahi si mimi."

Mkaguzi aliijua. Laini ya bei rahisi ndiyo laini ya bonde zima wanakoishi yeye na Mama Pacha. Yeye mwenyewe alikuwa na laini ya kazini, ndiyo maana kwake mlango ulikuwa wazi.

Akaenda kwa Wakala wa ile kampuni ya tatu, bwana mmoja aliyekuwa akijipepea na bahasha na kupiga miayo.

"Mmejiongezea wageni Jumamosi," Mkaguzi alisema. "Mnapata sifa."

"Sifa gani, mama? Mkataba wetu unaisha mwezi huu, tunafunga virago. Nani atajisifia wageni wanaoondoka wakimtukana?"

"Mbona hamkufuta ukurasa wa zamani?"

"Amri ya kufuta inatoka kwa Shirika. Haikuja. Sisi hatufuti cha mtu." Akapiga muayo mwingine. Alikuwa mvivu kupita kiasi, na uhalifu, hata ule wa hovyo, unahitaji mtu wa kuamka na kubonyeza. Mkaguzi akamwacha na bahasha yake.

Akabaki Mkuu wa Mitandao, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Tai, kwa kuwa hata kwenye joto hakulegeza tai yake. Alikuwa amerudi mwaka huu kutoka masomoni ng'ambo, na hakumwachia mtu nafasi ya kusahau.

"Sina muda mrefu, mama," alisema bila kusimama.

"Mimi ninao. Uligundua lini tatizo?"

"Jumamosi hiyo hiyo. Watu wanapiga simu wanalia, nikafungua ukurasa kwenye kompyuta hii. Bango la kijani, nafasi zimejaa. Nikajua yule msichana kaharibu."

"Kompyuta hii? Si simu yako?"

"Hii. Mimi siendeshi ofisi kwa simu."

"Ukamwuliza Fundi?"

Bwana Tai akacheka puani. "Siongei na mafundi. Wakiwa na neno, wananiandikia. Ukimzoea fundi, kesho anavuta kiti anakaa."

"Maneno yao ya siri anayatunza nani?"

"Mimi. Nilipoingia tu niliwaamuru wote wayakabidhi. Kwa usalama." Alilisema hilo kifua mbele, maskini, kama mtu anayeonyesha cheti.

Saa tisa Mkaguzi aliwakusanya kwa Mwenyekiti: Fundi, Wakala na Bwana Tai. Orodha ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Mkaguzi alikuwa ameomba kompyuta ya Bwana Tai iletwe, nayo ikawashwa mbele ya wote.

"Fungua ukurasa wa Shirika, mkubwa. Bango lina rangi gani?"

"Bluu."

"Fundi, la kijani ni la lini?"

"La mwaka jana, shangazi. Sasa hivi liko njia ya tatu peke yake. Na kompyuta za ofisini hupita njia ya kwanza siku zote."

"Basi amri ya Ijumaa haikuigusa kompyuta hii. Mwaka jana wewe ulikuwa ng'ambo. La kijani umeliona wapi?"

Bwana Tai akaishika tai yake. "Fundi aliniambia."

Fundi akaangua kicheko, machozi bado shavuni. "Mimi? Hata salamu zangu huitikii!"

"Basi niliandika anwani ya njia ya tatu mwenyewe. Nilikuwa nachunguza. Ni kazi yangu!"

"Vizuri," Mkaguzi alisema taratibu. "Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, watu wakilia kwenye simu, ulishajua wanapotelea wapi. Kuiondoa amri ile ni kubonyeza mara moja, na mwenye ruhusa ni wewe. Mbona uliiacha mpaka saa sita?"

Hata Wakala aliacha kujipepea.

"Kwa nini?" Mwenyekiti aliuliza kwa sauti ndogo.

Hapo kiburi kikamtoka chote. "Kwa sababu nimejenga kule mlimani! Nyumba zenu zinaangaliana na sebule yangu. Mnataka kunimwagia bonde zima mlangoni, na kelele zao, na masufuria yao? Na sikumfukuza mtu. Sikufuta jina la mtu. Nimewaelekeza njia nyingine, basi!"

Mkaguzi alimtazama kama mtu anavyotazama kitu kilichoganda kwenye soli ya kiatu. "Mwizi wa mfukoni ana heshima kukuzidi. Yeye angalau humsogelea anayemwibia. Wewe umewafungia mlango wanawake wenye watoto mgongoni ukiwa kwenye kiti cha kuzunguka, ukamsukumizia lawama binti wa watu. Masomo yote hayo, umerudi bawabu, na bawabu mbaya."

Mwenyekiti akaichana orodha vipande vinne, akaagiza uandikishaji urudiwe Jumamosi, akamwita mlinzi amshike Bwana Tai mpaka polisi wafike. Kisha akamgeukia Fundi na tabasamu la kubembeleza.

"Haya, mwanangu, tuondolee amri ile. Na yaishe, eh? Unajua mambo ya kazini. Hata mimi nilikuwa nasema tu, moyoni nilijua si wewe."

Mkaguzi alishindwa kuamua nani amemchefua zaidi.

Fundi alivuta kiti cha Bwana Tai, akakaa. Akaiondoa amri, akafuta ukurasa wa kijani, akaomba simu ya mlinzi, yenye ile laini ya bei rahisi, akajaribu nayo. Bango likaja bluu. Akamwonyesha Mkaguzi, si Mwenyekiti. Kisha akavua kitambulisho cha Shirika shingoni, akakilaza juu ya vipande vya orodha, akachukua mkoba wake, akatoka.