Nilijiita Mdogo Wake Mwenye Nyumba

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Ni mjane, sikujaliwa mtoto, na kazi yangu ni kushona nguo za kike. Wateja wangu hapa Mtwara wananiona nacheka nao, wanadhani yangu yamekwisha. Hayajaisha! Haya ninayowaeleza sijawahi kumsimulia mtu yote, kwa sababu sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu mwenyewe...

Miaka kadhaa iliyopita mama yangu mzazi alipata kiharusi kijijini kwetu Msimbati. Upande wote wa kulia ukafa ganzi. Mimi ndiye mtoto wake pekee, kwa hiyo nilimleta mjini na kuanza kutafuta nyumba. Kila nilikoonyeshwa choo kilikuwa uani, na kukifikia lazima ushuke ngazi. Mtu asiyeweza kusimama utampelekaje huko mara nne kwa siku?

Ndipo dada Somoe akaniokoa, au ndivyo nilivyoamini. Alikuwa mteja wangu, mama wa makamo mwenye maneno matamu, mfanyabiashara wa korosho. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Chikongola, naye alikuwa akiishi kwa binti yake mtaa wa Shangani.

"Hadija, ingia," aliniambia. "Jenga choo cha ndani kwa gharama zako, tutahesabu ndiyo kodi. Mama atakaa hapo mpaka Mungu amchukue."

Nilimwomba tuandikiane. Akanishika bega, akacheka. "Mdogo wangu, mimi na wewe tuandikiane kama watu waliopelekana polisi?"

Niliona haya hata kwa kuuliza!

Niliuza shamba la mikorosho aliloniachia baba, na cherehani yangu moja nikaiuza pia. Nikajenga choo chenye vyuma vya kushikilia. Nikabomoa kizingiti cha mlango na kumwaga zege la mteremko ili kiti cha magurudumu kipite. Siku mama alipojisukuma mwenyewe, kwa mkono mmoja, kutoka chumbani mpaka barazani, alilia kwa furaha. Nami nikalia. Miaka mitatu tuliishi kama watu.

Kisha siku moja dada Somoe akaja peke yake, ana haraka. Akasema kesho watakuja watu wa mikopo kuiangalia nyumba, kwani anataka mtaji wa kununulia korosho.

"Wakikuuliza, sema wewe ni mdogo wangu," aliniambia. "Ukisema mpangaji watataka mikataba, watanichelewesha, na msimu ndio huu."

Niliona ni jambo dogo tu. Si kila siku alikuwa akiniita mdogo wake?

Walikuja wawili, mwanamke mwenye faili na mwanamume mwenye kamera. Mwanamke yule aliniuliza kwa upole, "Wewe ni nani hapa?"

"Mdogo wake mwenye nyumba."

"Wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Kwa hiyo hulipi kodi?"

"Ndugu na ndugu, kodi ya nini?" Nikacheka. Eti nikacheka!

Akaandika yote, akanipa nisaini. Nikasaini. Ghafla mama akapaza sauti kutoka chumbani, kwa kile Kiswahili chake cha Kimakonde, ulimi ukiwa mzito kwa ugonjwa: "Ndogo wake nani? Mimi nnamzaa ntoto mmoja tu! Hapa tumepanga!"

Mwanamke yule akasimamisha kalamu, akaniuliza mama anasema nini.

Nikamjibu, "Mgonjwa huyo. Anaweweseka tu..."

Mama yangu alikuwa na akili zake timamu. Ndiye pekee aliyesema kweli ndani ya nyumba ile siku ile, nami nikamfanya mwehu mbele ya wageni, kwa ajili ya mkopo wa mtu mwingine!

Wageni walipoondoka nilimpelekea mama uji, akausukuma kando.

Mwaka ule dada Somoe alinunua korosho nyingi, nyingine zikalowa ghalani, zikaota ukungu. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba zilianza kuletwa barua nyumbani, zina jina lake. Sikufungua hata moja. Nilizipeleka mwenyewe Shangani, yeye akizipokea na kuzitia kwenye mkoba bila kuzitazama. "Mambo ya kodi ya ardhi hayo," alikuwa akisema. Baadaye simu yake ikawa haipatikani.

Mchana mmoja nikiwa nampaka mama mafuta mgongoni, dalali wa mnada alipiga hodi. Akabandika karatasi mlangoni. Nyumba itauzwa kufidia ule mkopo! Nilikimbia Shangani na kanga moja. Binti yake dada Somoe aliniambia, hata kunitazama usoni hawezi, kwamba mama yake amevuka Ruvuma, amekwenda kwa ndugu zao upande wa Msumbiji, na hajui atarudi lini.

Mnada ulifanyika palepale uani. Watu wakipandishana bei, mama amekaa dirishani kwenye kiti chake anawatazama. Mmoja aliingia mpaka chooni kwetu, akatoka akimsifia fundi...

Mnunuzi hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Mama, mimi nimeambiwa nyumba ina ndugu wa mwenye mali, si wapangaji. Nawapa wiki mbili mjipange."

Nilikwenda kwa mwanasheria anayesaidia watu bure, naye akafuatilia jalada la mkopo. Nilipokaa mbele yake mara ya pili, alinisogezea karatasi moja. "Hii saini ni yako?"

Ilikuwa yangu.

Akanieleza kwamba kama ningeandikwa mpangaji, ningestahili kupewa taarifa mimi mwenyewe kabla ya mnada, na ningekuwa na pa kusimamia kudai muda na gharama zangu. Lakini mkopo ule ulitolewa kwa maelezo kwamba nyumba haina mpangaji.

"Nilidanganya!" nilimwambia huku nalia. "Niliambiwa niseme hivyo. Mjumbe wa mtaa anajua nimepanga, majirani wanajua!"

Akavua miwani. "Dada Hadija, mkataba huna. Risiti za ujenzi huna. Leo unasema ulidanganya siku ile. Sasa mahakamani wakuamini siku ipi?"

Nikairudisha ile karatasi mezani kwake.

Tulihamia Mikindani, kwenye chumba cha binamu yangu. Nyumba ya mawe ya zamani, ngazi ndefu, choo uani. Mama hakuweza tena kutoka nje. Alilala tu, mgongo ukaanza vidonda. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimpeleka hospitali akibebwa na watu wanne... Vidonda vikazidi.

Siku moja nilipiga magoti kitandani kwake. Nikamwomba radhi kwa kumwita mgonjwa anayeweweseka. Alinitazama, kisha akageuza uso ukutani. Wiki ile haikuisha akafariki.

Alinisamehe? Ulimi ulikuwa mzito tu, akashindwa kusema? Nitamuuliza nani sasa?

Mwezi uliopita nilikutana na dada Somoe kituo cha basi Mikindani. Amekonda, amebeba mfuko mmoja wa nguo. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumtolea siku nikimwona, makali kweli. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono na kuniuliza, "Mdogo wangu, huko unakokaa hakuna chumba?"

Nilimwambia hakuna. Nikaondoka, naye sikumtukana. Wala haikunipunguzia uchungu.

Wenzangu mnaoishi kwenye nyumba za watu, nisikilizeni! Kabla hujaweka hata tofali moja kwa mtu, nenda ofisi ya ardhi ukaulize kama hati imewekwa rehani. Tunza risiti zote. Barua zikianza kuletwa mfululizo, uliza mpaka ujibiwe. Na yeyote atakayekuomba ujiite usichokuwa mbele ya karatasi, hata awe amekulisha kwa mkono wake, mkatalie.

Kama huna mkataba, uutafute kesho asubuhi. Mwenye nyumba atanuna, atasema humwamini. Mwache anune! Mimi niliogopa kumwudhi mtu, na mama yangu yuko makaburini Mikindani.