Hodi Katika Nyumba ya Mfano

Nyumba ya mfano haikai mtu. Friji yake ni kasha tupu, matunda ya mezani ni ya plastiki, runinga ni kadibodi iliyopakwa rangi nyeusi, na bomba la jikoni ukilifungua linakohoa hewa, kwa sababu jengo lenyewe halijafika hata nusu. Juu mafundi wanafunga nondo, chini zege linazunguka mchana kutwa, na hapo katikati, ghorofa ya tatu, kuna vyumba vichache vilivyopambwa ili wanunuzi waone watakachopata siku Mungu akijalia.

Kwa hiyo asubuhi ile Asali alipokuta sifongo ya jikoni imelowa, alikasirika kabla ya kuogopa. Aliibonyeza, maji yakamtiririka mkononi, yakanuka kitunguu cha kukaangwa. Akaenda chumbani. Kitanda, ambacho yeye mwenyewe alikitandika na kukinyoosha kwa kiganja, kilikuwa na bonde upande wa ukutani, kama mtu ametoka kulala sasa hivi.

Akamwita mlinzi.

"Nani kaingia humu?"

"Funguo unazo wewe, dada."

"Basi nani kalala hapa?"

Mlinzi alichungulia kitanda kwa mbali bila kuvuka kizingiti. "Mimi nalinda geti," alisema. "Ya humo ndani hayamo kwenye mkataba wangu."

Asali si jina lake. Wenzake ofisini walimbandika hilo kwa ajili ya ulimi wake, maana alikuwa ofisa mauzo, na akianza kukusifia baraza hata kama halijajengwa, utajiona umekaa humo unakunywa chai. Alikunja uso, akatandika upya, akapuliza manukato. Moyoni alishaamua kwamba ni mafundi. Mjini kila jambo lina maelezo yake, na lisilo nayo hutafutiwa.

Lakini bonde la kitanda lilimsumbua. Alilijua. Kuna mtu aliyekuwa akilala hivyo, ubavu wake ukigusa ukuta.

Jambo ambalo Asali hakuwahi kulitamka ofisini ni kwamba pale alikuwa nyumbani. Kabla ya uzio wa mabati na mabango yenye familia zinazocheka, pale palikuwa na mtaa wa nyumba zilizobanana, na moja yao, yenye mlango wa buluu, ilikuwa ya shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Ofisini alisema amekulia upande wa juu wa mji. Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kukaa meza moja na meneja anayeuita mtaa wenu "ule uchafu".

Shangazi alikuwa na tabia iliyomwaibisha Asali tangu utotoni. Hakuingia kwake bila kupiga hodi. Hata kama ametoka dukani tu na nyumba ameiacha tupu, alisimama mlangoni, akasema "Hodi," akasubiri kidogo, ndipo akaingia. Watoto wa jirani walikufa kwa kicheko.

"Shangazi, unambishia nani?"

"Mwenye nyumba. Sisi wapangaji tu."

"Mbona haitiki?"

"Aitike ya nini? Hana shida na sisi. Kimya chake ndiyo ruhusa. Omba usimsikie akiitika."

Siku ya kuhama, vyombo vimeshapakiwa na tingatinga linanguruma mwanzo wa mtaa, shangazi alitaka kurudi ndani kuaga. "Hatuondoki kama wezi," alisema. "Lazima aambiwe tunakwenda, na asikie shukrani. Asipoambiwa atatutafuta." Asali alikuwepo kama mtu wa kampuni, amevaa kofia ngumu, na meneja alikuwa amesimama jirani akitazama saa. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Ajuza aongee na chumba kitupu, mbele ya meneja, halafu amalizie kwa kumwita yeye, Asali, "mwanangu"! Akamshika shangazi kiwiko, akamsukuma taratibu kuelekea garini. "Kaa tu. Nitakwenda kukuagia mimi."

Akaingia. Ukutani palikuwa na alama nyeupe palipokuwa kabati. Chumba kilikuwa kimetulia, utulivu wa mtu anayengoja asemeshwe. Asali hakufungua kinywa. Alipangusa vumbi kwenye sketi, akatoka, akainama dirishani mwa gari.

"Nimeshamwaga. Kasema uende salama."

Shangazi alimtazama, akageuza uso, na gari likaondoka.

Sasa turudi kwenye biashara. Asali alikuwa na mbinu yake ya kuuza, na mbinu hiyo, ole wake, aliiokota palepale kwa shangazi. Wateja wakifika mlangoni alikuwa anawazuia kwa bashasha: "Ngojeni, nyumbani kwa mtu hakuingiwi hivihivi. Pigeni hodi!" Wakipiga, anaruka ndani na kuitika, "Karibuni kwenu!" Watu walicheka, wakalainika, na mteja aliyelainika ni nusu ya mauzo.

Muda mfupi baada ya mkasa wa sifongo alimleta mtu na mkewe. Mume akapiga hodi kwa mbwembwe. Asali alivuta pumzi ili aitike, na kabla hajafumbua mdomo, kutoka chumbani, ikaja sauti kavu, isiyojulikana ya mwanamume wala mwanamke, sauti ya mtu asiyezoea kuitumia.

"Karibu."

Mume na mke wakaangua kicheko. "Mmeweka spika! Hawa watu wana akili!" Walinunua siku hiyohiyo. Meneja akampongeza Asali mbele ya wote, akamwambia hiyo ya spika ni kali, asiiache. Asali alitabasamu. Hakuwa ameweka spika yoyote.

Tangu hapo hakuna alichokipanga kikakaa. Akifungua mlango asubuhi anakuta meza imesogezwa chini ya dirisha, kesho yake viti vimegeuzwa vitazame mlango, siku nyingine benchi la maua limeondolewa barazani na kuwekwa ubavuni mwa mlango ndani, na kila alichokirudisha kilimtangulia kurudi kilipotaka, hadi siku moja akiwa amesimama katikati ya sebule na harufu ya kitunguu imemjaa puani, na juu ya kichwa chake nyundo za mafundi zikigonga kama kawaida, alitazama meza, akatazama benchi, akatazama kitanda kilivyobanwa ukutani chumbani, akatambua kwamba hazikuwa fujo, kwamba kuna aliyekuwa akipanga kwa uangalifu, kwa kumbukumbu, na kwamba amesimama ndani ya nyumba yenye mlango wa buluu. Akatoka bila kufunga.

"Anamtafuta mtu, huyo," mlinzi alimnong'oneza getini. "Nawe unamjua. Nakuona usoni."

"Usinitishe, mzee."

"Sikutishi. Nakwambia tu, mtu anayetafuta huwa hachoki."

Nyumbani hali haikuwa njema. Shangazi alikuwa akikaa naye katika vyumba vya kupanga, na alikuwa anapungua. Chakula alikisukuma. Usingizi ulimkimbia. Kila akirudi kutoka nje alisimama mlangoni, "Hodi," akasubiri, akasubiri, mpaka Asali amvute mkono.

"Ingia, shangazi. Majirani wanatutazama."

"Kimya cha hapa ni kitupu," shangazi alisema. "Kule kilikuwa na mtu. Nahisi naitwa, mwanangu, na sijui niende wapi."

Jioni hiyo Asali aliona mifupa ya mabega ya shangazi yake kupitia gauni, ulimi wote wa asali ukamkauka. Akampigia magoti. Alisema yote: chumba, alama ya kabati, vumbi la sketi.

"Sikumwaga. Nilisimama tu. Nilikuona... niliona haya, shangazi. Nilikuonea haya wewe."

"Nilijua siku ileile."

"Ulijuaje?"

"Ulisema kasema niende salama. Yule hajawahi kujibu, maisha yangu yote."

"Mbona hukusema?"

Shangazi alimpangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Ningekuaibisha mbele ya watu wako."

Kuna maneno yanayopiga bila kuinua mkono. Asali alilia mpaka akapata kwikwi. Wakakubaliana kwamba Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa na mafundi hawapo, atampeleka akaage mwenyewe. "Nitakaa pembeni yako," Asali aliapa. "Nami nitamwomba radhi kwa sauti."

Jumapili jua lilikuwa kali na jengo limenyamaza. Walipanda ngazi polepole, shangazi akipumzika kila kona. Mlango wa nyumba ya mfano ulipofunguliwa alisimama kizingitini, akatazama meza chini ya dirisha, akatazama benchi, akaziba mdomo kwa mkono.

"Maskini," alinong'ona. "Kaninunulia hadi vitu vipya."

Asali alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Akamshika mkono, wakaanza kuelekea chumbani.

Hapo ndipo viatu viliposikika kwenye ngazi. Meneja. Nyuma yake bwana mmoja mwenye suti na mkewe anayenukia mafuta mazuri, wateja wa kununua ghorofa nzima, waliotua mjini asubuhi hiyo na wanaoondoka jioni.

"Asali! Bahati iliyoje, upo. Tulidhani tutafungua wenyewe." Meneja akaona kanga iliyofifia, akaona ndala. Uso ukamkunjamana. "Na huyu ni nani?"

Swali lenyewe ni jepesi. Hata mtoto anayejifunza kuongea angelijibu. Shangazi alikuwa bado amemshika mkono, mkono uliomuogesha, uliomsuka nywele, uliopika vitunguu na kuuza vitumbua ili yeye asome, na Asali aliutazama, akamtazama mke wa tajiri ambaye alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kidogo, akatazama ngazi aliyoipanda tangu ujana wake ili asimame mahali hapo na viatu hivyo, na akajua kwamba ana neno moja tu la kusema, na kwamba huko chumbani kuna anayesikiliza, na moto wa aibu ukampanda kutoka tumboni ukaunguza neno hilo kabla halijafika mdomoni. Akauachia mkono.

"Mama wa usafi," alisema.

Shangazi hakushtuka. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akaenda jikoni, akachukua ile sifongo iliyolowa, akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Aliipangusa vizuri, hadi pembeni. Kisha akasimama mbele ya Asali, macho chini.

"Samahani, dada. Naweza kumalizia chumba cha ndani?"

Asali alitikisa kichwa kukubali.

Shangazi akausogelea mlango wa chumba. "Hodi," alisema.

"Karibu."

Ilikuwa sauti ileile, ila ukavu ulikuwa umeiisha. Ilikuwa karibu ya mtu aliyengoja mgeni wake mpaka chakula kikapoa. Tajiri na mkewe wakacheka, meneja akasema, "Ile spika yetu," na shangazi akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake bila kishindo.

Meneja akaanza kueleza marumaru. Asali alisikia maongezi kule ndani, sauti mbili, chini chini, bila haraka, kama ndugu waliopotezana. Harufu ya kitunguu ikaja, nzito na tamu. Kisha sauti zikakoma. Alijua maana ya kimya kile. Aliusukuma mlango kwa bega mbele ya wote, akapiga ukelele, "Shangazi!"

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Dirisha la chumba kile ni kioo kisichofunguka, na mlango mwingine hakuna. Juu ya mto palikuwa na sifongo, imekamuliwa, imekauka.

Polisi walikuja. Mlinzi aliapa kwamba alimwona bibi akipanda na hakumwona akishuka. Meneja alisema watu wa usafi huja na kuondoka, wasisumbue watu. Askari akamgeukia Asali, akamuuliza aliyepotea ni nani wake.

"Shangazi yangu," alisema. "Ndiye aliyenilea. Hapa palikuwa nyumbani kwake." Alilisema kwa sauti, na meneja alisikia, na wala dunia haikupasuka. Ndicho kilichomuuma zaidi.

Jengo limekwisha sasa. Nyumba nyingine zote zimepata wenyewe, ile ya ghorofa ya tatu haijapata. Asali angeweza kutafuta kazi kwingine. Badala yake hupanda kila asubuhi, kabla wateja hawajafika, amevua viatu vyake vya ofisini na kuvishika mkononi. Husimama mlangoni na kupiga hodi. Huomba radhi kwa sauti, kama alivyoapa. Husema, "Shangazi, ni mimi, mwanao."

Ile sauti ya kwanza haiitiki tena. Imerudia kimya chake, haina shida. Ni ya pili inayoitika, kwa upole, kwa adabu, sauti ya mtu anayechunga asimwaibishe mwenzake mbele ya watu.

"Ingia tu, dada. Ni mimi, mama wa usafi."