Nshombo Iko Hapa?

Nzigire alishuka kuchukua barua, basi. Kazi ya dakika mbili. Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja jioni, Desemba ya Louisville, Marekani, giza linaingia watu hawajamaliza hata kuosha vyombo vya mchana. Alikuwa ametoka kazini ghalani, bado na kizibao chake cha njano, na juu kwenye fleti yao ya Newburg mwanawe Aksanti, wa miaka tisa, alikuwa anatazama katuni.

Masanduku ya barua yalikuwa chini ya ngazi, kila moja na jina lake. Mbele yake alisimama mama mmoja mzee.

Hakuwa na viatu.

Hilo ndilo Nzigire aliloliona kwanza, maana theluji ilikuwa imeanza kudondoka na simenti ile ilikuwa ya baridi kali. Mama alikuwa amejifunga kitenge kilichoungua upindo, na alikuwa akipapasa majina kwa kidole, moja baada ya jingine. Alinuka moshi na mawese yaliyoungua. Nzigire ni mtu wa kanisani, mwenye huruma hata asipoombwa. Alidhani ni mgeni mwingine wa kutoka kambi ya wakimbizi, amepotea njia ya kwa ndugu zake.

"Mama, unatafuta nani?"

Kidole kikasimama kwenye sanduku lake.

"Nshombo iko hapa?" Sauti ya chini, ya adabu.

"Ndiyo, mama. Nshombo ni miye."

Yule mama akamtazama usoni, akatabasamu kwa furaha ya kweli. Nzigire akainama kufungua sanduku. Alipoinuka, hapakuwa na mtu. Kwenye theluji nyembamba ya mlangoni palikuwa na nyayo za viatu vya wapangaji tu.

Kisha ndege ikapita. Newburg ndege hupita mchana na usiku, kiwanja kiko karibu, na watu wameacha kuzisikia. Hii aliisikia. Ilikuwa ya pole, nzito, ya kizamani yenye mapangaboi, ikikoroma chini chini juu ya mapaa...

Alipanda ngazi mbio bila kujua kwa nini anakimbia. Aksanti alikuwa chini ya meza, ameziba masikio, midomo imekuwa ya buluu.

Jumatano saa ile ile, hivyo hivyo. Alhamisi wakaja watu wa ambulansi.

Ijumaa daktari aliweka picha ya mapafu ya mtoto kwenye taa, akauliza nyumbani wanachoma nini. Nzigire akasema wanapika kwa umeme. Daktari akasema huu ni moshi, mama, moshi mwingi, na akaja mwanamke wa ustawi wa watoto mwenye kitambulisho shingoni akaanza kuandika. Nzigire hakumsikiliza. Maneno yale yale aliyasikia mwaka jana, kwa kaka yake Leopoldi, anayekaa Gahanna, kule Columbus. Binti yake Jolie alikosa pumzi kila jioni kwa siku saba. Siku ya nane wakamzika. Moshi kwenye mapafu, nyumba haina hata mshumaa.

Aksanti alikuwa kwenye siku ya nne.

Kanisani walimwombea, na wengine wakanong'ona kwamba amerogwa na wenzake wa kazini kwa wivu wa gari. Gari lenyewe ni la kizamani na mlango mmoja haufunguki. Mchawi wa kulionea wivu lile ana shida zake mwenyewe.

Aliyesema neno la maana ni mtoto. Jioni ya Ijumaa ile, katikati ya kuhangaika na pumzi, alimvuta mama yake mkono akamwambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kuna bibi anamwita. Bibi anataka Nshombo atoke nje, watu wamsalimie.

"Nshombo gani?" Nzigire akanong'ona.

Yule wa ndege, akasema Aksanti.

Hapo ndipo Nzigire alipoikumbuka ile picha. Babu yao, kijana, koti la ngozi, amesimama na mwenzake mmoja mbele ya ndege ya mabomu, vita vya miaka ya sitini huko Kongo. Ilikuwa fahari ya ukoo. Lakini babu mwenyewe hakuwahi kusimulia safari hata moja, na wala hakuitwa Nshombo. Aliitwa Zéphyrin tu, mpaka alipokufa Bukavu. Nshombo lilikuwa jina lililoandikwa nyuma ya picha. Kwao kila mtoto anapewa jina lake, halifuati la baba wala la babu. Kambini karani alitaka jina moja la familia nzima, na Leopoldi, ndiye mkubwa, akageuza picha akasoma. Akawaandika wote. Nshombo, Nshombo, Nshombo. Walilipenda, lilikuwa jina la mtu mkubwa.

Jumamosi asubuhi hospitali haikutaka kumtoa mtoto. Nzigire akatia saini karatasi kwamba anamtoa kwa hiari yake, akamlaza kiti cha nyuma, akaendesha hadi Gahanna.

Leopoldi alimpokea akiwa amevaa aproni ya kazi. Anahudumia wazee kwenye makao yao. Binti yake aliyebaki, Josiane, wa mwaka mmoja, alikuwa kiunoni mwake, anamvuta sikio.

"Yaya," Nzigire akasema, kama alivyozoea kumwita kaka yake mkubwa, "mbele ya Jolie kugonjwa, kuna mama mzee alikuja hapa?"

Leopoldi alifikiri. "Jolie ndiye alifungua mulango. Alisema kuna mama anauliza jina. Akamwambia ndiyo, ni hapa." Alimhamishia Josiane kiuno cha pili. "Nilisahau ile kabisa."

Akaenda chumbani akarudi na daftari la babu, la safari za ndege. Tarehe, saa, mahali, kwa Kifaransa na mwandiko mzuri. Lilikuwa limejaa mpaka ukurasa mmoja wenye neno moja, Lubondwe. Baada ya hapo kurasa zote zilikuwa tupu. Kuhusu Lubondwe Leopoldi hakujua kitu. Ila yule mwenzake babu kwenye picha yu hai, mzee Rudasingwa, mtu wa kule milimani, sasa yuko Buffalo, walikutana kwenye msiba wa Jolie.

Jioni ile Aksanti alipoteza fahamu kwa dakika nzima kwenye kochi la mjomba wake. Leopoldi alimshika mtoto akilia waziwazi, bila kujificha. Kesho yake alfajiri alijaza tangi la gari, akawafungia chakula cha njiani, fufu na sombe.

"Ukijua cha kufanya, uniambie tu," alisema dirishani. "Miye nitafanya. Sitauliza."

Buffalo waliingia saa tisa, upepo wa ziwa unasukuma gari pembeni. Rudasingwa alikaa Lower West Side, orofa ya pili, peke yake, amevaa sweta mbili. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Aksanti aliyelala kochini.

"Naye mulimwita Nshombo?"

"Ni jina la familia, mzee. Sisi wote."

Mzee alifumba macho. "Yesu wangu."

Alisimulia polepole, akitazama saa ya ukutani.

"Miye nilikuwa nafunga mabomu chini ya mabawa. Babu yako anakaa pembeni ya muzungu. Muzungu anajuwa kurusha ndege, bon, lakini anajuwa soko gani ni ya nani? Donc, basi, walitafuta mutu wa kuonesha."

"Lubondwe ni wapi?"

"Ni kwa mama aliyemulea. Muuza mawese. Babu yako alitumwa kule kusoma, akala kwa ule mama pamoja na watoto wake, miaka mingi. Alipoingia jeshi akawaambia, siku moja mutaniona juu, nitapita, nitawapungia mukono."

Nje mwanga ulikuwa unafifia. Aksanti akakohoa.

"Ilikuwa siku ya soko. Wakubwa walisema waasi wako mule. Ndege ikashuka chini, watu wakaanza kukimbia. Ule mama hakukimbia. Waliopona walisema aliita watoto wote inje, mpaka wa majirani. Njooni, Nshombo iko hapa. Nshombo iko hapa. Walikuwa wanapunga mikono. Babu yako mwenyewe aliwaona, alinielezea usiku ule, analia. Muzungu akamuuliza, ni hapa? Akasema ndiyo."

Nzigire alitaka kuziba masikio. Akauliza tu anachohitaji. "Tunamuzuia namna gani?"

"Anakuja anauliza. Ukiitika, anachukua mutoto. Ukimukatalia mbele ya uso wake, anaenda. Lakini anaenda kwa mwingine wa jina lile. Babu yako alimukatalia. Akaenda kwa mudogo wake, maana naye jeshini walimuandika Nshombo, huyu pia akamukatalia. Akarudi kwa babu yako, na ile mara hakuuliza. Mwezi ule babu yako alizika watoto wawili. Kisha alichoma karatasi zake zote, ila lile daftari na picha, sijuwe kwa nini. Akahama. Akasema jina hili nisilisikie tena." Mzee akamtazama. "Na mwenyewe sijuwe kama ilitosha. Pengine alichoka kutafuta."

"Kila mara anaulizaka?"

"Mara ya kwanza. Weye ulishaitika, lakini mutoto angali hai. Umungoje. Umuite arudi kukuuliza. Atakuja."

Saa kumi na nusu harufu iliingia. Moshi... mawese. Kisha ile sauti ya ndege ya mapangaboi, mbali juu ya ziwa, ikisogea. Aksanti aliketi wima, akafungua kinywa, na hakuna hewa iliyoingia.

Nzigire alifungua mlango wa ngazini. Palikuwa kimya.

"Mama," akaita kwa kunong'ona. "Njoo uniulize tena."

Alikuwa pale pale, ngazi ya tatu, miguu mitupu. Nyuma yake kwenye giza palisikika watoto wengi wakisukumana na kucheka kidogo.

"Nshombo iko hapa?"

Nzigire alijua sasa anayemtazama ni nani, na alimhurumia. Nyuma yake mwanawe alikuwa akipiga kochi kwa visigino.

"Hapana, mama. Siyo miye. Hakuna Nshombo hapa."

Tabasamu lilififia. Mama hakukasirika, alionekana amechoka.

"Haiko?"

"Haiko."

"Niende wapi sasa?" akauliza.

Nzigire akafunga mlango. Nyuma yake Aksanti alivuta pumzi ndefu, ya kelele, halafu nyingine, halafu akaanza kulia, na kilio kile kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kusikia. Alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Alicheka. Alimshukuru Mungu kwa sauti, na mzee Rudasingwa hakuitikia amina.

Jumatatu asubuhi, kabla hajawasha gari, alipiga simu mahakamani Louisville. Kubadili jina? Karani alikuwa mpole. Tarehe ya karibu ilikuwa ya Februari.

Akaendesha. Alipanga kupita Gahanna amweleze Leopoldi kila kitu uso kwa uso, na njia nzima alitafuta namna ya kulipanga lile jambo litoke vizuri. Likakataa kupangika. Leopoldi akisema ndiyo, ni Josiane. Leopoldi akisema hapana, yule mama atakuwa amekataliwa kote, na atarudi kwa wa kwanza aliyemkatalia, bila kuuliza. Kila alipofika hapo aliongeza sauti ya redio. Alisimama mara tatu bila sababu. Alikaa saa nzima kwenye mgahawa wa barabarani akimtazama Aksanti anakula viazi, mashavu yamerudi rangi, anaongea bila kukoma habari za katuni. Jua likaanza kushuka, na Columbus ilikuwa bado mbele.

Simu ilimkuta kituo cha mafuta. Leopoldi.

"Dada yangu. Muko wapi? Mutoto anaendelea namna gani?"

"Anapumua. Mwili ni mwema."

"Bwana asifiwe." Alisikika anafuta machozi. Kisha sauti ikashuka. "Sikiliza. Kuna mama hapa inje, kwa dirisha namuona. Hana viatu, na baridi hii. Anauliza Nshombo. Ni yeye?"

Kwa simu Nzigire alimsikia Josiane akipigapiga kijiko mezani. Na nyuma ya kijiko, mbali, mkoromo.

"Nzigire? Mzee alisema nini? Nimwambie ndiyo ao nimwambie hapana?"

Kwenye kiti cha nyuma Aksanti alikuwa anapulizia kioo, anachora kwa kidole kwenye mvuke wa pumzi yake. Alikuwa anapuliza kwa nguvu, kwa starehe, hewa tele.

"Yaya..."

"Niko hapa. Sema tu."

"Mwambie ndiyo," akasema Nzigire.

"Ndiyo?"

"Ndiyo. Mwambie ni weye. Umufungulie."

"Asante," akasema kaka yake. "Asante sana, dada yangu, Mungu akubariki." Hakukata simu. Aliiweka mahali, na Nzigire akasikia hatua zake zikienda mlangoni, na sauti yake ya ukarimu ikisema karibu, mama, ingia upate joto.