Meno ya Neema Yalivyonipotezea Nyumba

Nina miaka arobaini na tatu, ni fundi pikipiki hapa Tunduma. Ninayoyaeleza leo nimeyaficha muda mrefu... hata kanisani sijawahi kuyasema.

Kwetu Itaka ukoo wetu unajulikana kwa meno makubwa ya mbele. Baba anayo, mimi ninayo, dada zangu wote wanayo. Lakini Neema, binti yangu wa pekee, alipofika miaka minane, meno yake ya ukubwani yaliota madogo, yameachana.

Dada yangu mkubwa alikuja kututembelea. Akamwangalia mtoto mdomoni, kisha akaniita pembeni. "Mdogo wangu, haya si meno ya kwetu."

Sikupata amani tena! Nilikumbuka kwamba Neema alizaliwa nikiwa kwenye vibarua Zambia, nikaanza kuhesabu miezi. Mke wangu, Agnes, alilia na kuapa. Akanikumbusha kwamba mtoto alizaliwa njiti, akaugua mfululizo miaka miwili ya kwanza, na mara nyingi walishindia uji mtupu. Je, nilimsikiliza? Hapana! Nilimwita malaya mbele ya mtoto, nikasema meno yale si ya kwetu, nikawapandisha basi la kwenda Kamsamba kwa wazazi wake.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja nilikwenda kung'olewa jino, nikamuuliza daktari kuhusu meno ya Neema. Alisema ukubwa wa meno mtoto huurithi kwa baba na kwa mama pia, na maradhi au lishe duni wakati meno yanajijenga ndani ya taya huweza kuyapunguza. Kwa meno peke yake huwezi kujua baba ni nani.

Hapo ndipo nikakumbuka... Agnes mwenyewe ana meno madogo! Miaka yote nimekula naye, sikuwahi kuyatilia maanani.

Nilikwenda Kamsamba kuomba radhi. Baba mkwe akataka tupime vinasaba kwanza. Majibu yakatoka: Neema ni wangu. Nilipiga magoti uani. Agnes aliendelea kupepeta mchele, kisha akasema taratibu, "Baba Neema, mimi nilikuapia ukakataa. Daktari umemwamini kwa siku moja."

Hakurudi.

Neema sasa ana miaka kumi na miwili. Nikienda kumwona hunipa shikamoo huku kiganja kimefunika mdomo. Mama yake anasema hufanya hivyo hata akicheka na wenzake, tangu siku ile niliyowafukuza.

Ndugu zangu mnaosoma, nawasihi, mkiwa na shaka waulizeni wanaojua kabla hamjatamka neno mbele ya mtoto. Kila mwezi naenda kumwambia binti yangu kwamba meno yake ni mazuri... Ananisikiliza kwa adabu, lakini mkono hauondoi.