Ripoti Ilisema Mdogo Wangu Hajambo

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, naishi Same mjini. Haya ninayowaeleza, wasomaji wenzangu, sijawahi kuyasema yote kwa pamoja, hata kwa mume wangu. Mtanihukumu… na mna haki.

Nilikuwa msimamizi katika shirika moja dogo la afya. Chini yangu walikuwepo wahudumu ishirini na wawili wa vijijini. Kazi yao ilikuwa kuwatembelea wajawazito majumbani na kujaza taarifa kwenye simu tulizowapa. Mimi nilikaa ofisini chini ya feni, nikitazama majina yao kwenye kompyuta. Aliyefikisha lengo la wiki jina lake lilikuwa la kijani. Aliyepungukiwa, jekundu.

Jinsi nilivyoichukia ile rangi nyekundu! Kila Ijumaa niliyaweka majina mekundu kwenye grupu letu la simu, wenzao wote wayaone. Wengine walikuwa mama watu wazima ambao nikikutana nao njiani nawaamkia shikamoo. Sikujali. Meneja alinisifu mkutanoni kwamba eneo langu linaongoza, nami nikavimba kichwa.

Mmoja wao aliitwa Nakunda, mjane wa huko milimani, kupanda kutoka Hedaru. Huko ndiko kwetu. Kati ya nyumba alizopangiwa ilikuwemo ya mama yangu, ambako mdogo wangu wa mwisho, Namsifu, alikuwa amerudi kusubiri kujifungua mtoto wake wa kwanza.

Masika ya mwaka huo yalitisha. Udongo uliporomoka ukaikata barabara. Nakunda akawa mwekundu wiki ya kwanza, akawa mwekundu wiki ya pili. Akanipigia.

"Dada, ng'ambo ya korongo hakupitiki. Jana nusura maji yanichukue. Naomba uandike kwamba nyumba kumi na moja sijazifikia."

Mimi nilikuwa nafikiria nini? Mkutano wa mwisho wa mwezi! Nilikata simu, nikamtumia ujumbe wa sauti wa kumkaripia. Wiki iliyofuata Nakunda alikuwa kijani.

Hamtaamini… sikushtuka! Mvua bado inanyesha, barabara bado imekatika, na mtu aliyeshindwa wiki mbili sasa amefika nyumba zote? Nilishukuru kimoyomoyo, basi. Nikafungua jina la Namsifu, nikasoma: ametembelewa, hakuna dalili ya hatari.

Zamani nilikuwa nampigia kila Jumapili. Lakini mtandao wa huko juu ulikuwa wa shida, nikajiambia, ya nini kuhangaika wakati ripoti hii hapa? Wiki tatu nilisoma maneno yaleyale, hata nukta haikubadilika. Siku moja nilihisi kuna kitu hakiko sawa… nikapuuza.

Jumanne asubuhi, nikiwa katikati ya kumwandalia meneja takwimu zake, mjomba akapiga. Namsifu ametutoka.

Alikuwa amevimba miguu na uso. Kichwa kilimuuma siku tano. Kisha kifafa cha mimba kikamshika, vijana wakambeba kwenye kitanda kuteremka naye kwenye tope… Alifia njiani, na mtoto wake tumboni.

Maji ya korongo yalipopungua tulipanda kuzika, na msibani nilimwuliza mama, yule mhudumu alipokuja alisemaje? Mama akanitazama kama hanijui.

"Mhudumu gani? Tangu mvua ianze hapa hajafika mtu. Tulitaka kumteremsha mapema, mdogo wako akakataa. Akasema, dada ndiye mkubwa wao, atatuma mtu."

Jamani! Alikuwa ananisubiri mimi!

Nakunda alipoingia kutoa pole, niliinuka mbele ya watu wote. Nikampigia kelele kwamba ni muuaji, kwamba ameandika uongo. Alitoa simu yake, akabonyeza, na sauti yangu mwenyewe ikajaa uani:

"Mambo ya mvua na korongo sitaki kuyasikia. Nataka namba! Ijumaa nikikukuta mwekundu, simu ya ofisi uirudishe. Wanaoitaka hiyo kazi wapo wengi."

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akaingia ndani.

Mnadhani nilijifunza hapo? Hapana! Meneja aliponiuliza, nilisema mhudumu alighushi taarifa. Nakunda akaachishwa kazi. Mimi nikabaki miezi minne zaidi, nikilipwa, nikisifiwa, nikishindwa kula. Mwishowe niliandika barua nikaeleza yote, nikaacha kazi. Nakunda hawakumrudisha.

Nilipanda kwake kuomba radhi. Alinikaribisha, akanipa chai.

"Nimekusamehe, dada," alisema. "Lakini mimi sijajisamehe. Zile nyumba nilizijaza kwa mkono wangu."

Mama huniitikia salamu. Zaidi ya hapo, hakuna. Mwaka wa pili sasa hajaniita mwanangu.

Wewe unayesimamia kazi za watu, uwe na walimu, manesi au vibarua wa shamba, nakusihi kwa machozi! Usiwatishe mpaka wakuogope kuliko wanavyouogopa uongo. Funga hiyo kompyuta, panda mlima, kabisha hodi, uone kwa macho yako. Na akitokea mmoja mwenye ujasiri wa kukuambia "sijafika," mshike mkono, mshukuru…

Mimi wangu alikuwepo. Nilimnyamazisha.