Shingo Mbili za Gitaa la Nishimwe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Nishimwe hunisaidia kugeuza jibini. Nyumba yetu ya jibini ni chumba kidogo cha mbao nyuma ya jikoni, na dirisha lake linaelekea kilimani ili upepo uingie. Ndani mna rafu tatu. Jibini changa hukaa rafu ya chini, na kila siku lazima igeuzwe: upande uliolala utazame juu, upande uliotazama juu ulale. Ukiisahau siku tatu, chini hutoa jasho na juu hupasuka, na hapo hakuna mtu wa Masisi atakayeila, hata bure.

Nishimwe ana miaka kumi na mitatu. Mikono yake ni myepesi, lakini kichwa chake ni kigumu. Nasema hivyo bila kumlaumu, maana kichwa hicho alikitoa kwangu.

Mwezi wa tisa uliopita, gitaa la umeme la kwaya ya vijana lilianguka kutoka kwenye msumari ukutani, likavunjika shingo, na tumbo lake likapasuka. Shingo ni ule mti mrefu ambao mpigaji huushika kwa mkono wa kushoto; tumbo ni ubao mpana unaokaa kifuani. Lilikuwa gitaa moja tu la kanisa zima. Floribert, kiongozi wa kwaya, aliviokota vipande vyake kama anayeokota mayai yaliyopasuka.

"Tungoje," alisema. "Siku moja tutapata lingine."

Nishimwe akasimama kati ya waimbaji. "Kaka Floribert, mimi nitalitengeneza. Na nitalipiga mimi mwenyewe."

Samy, mvulana aliyekuwa akijifunza kupiga, akacheka hadi akashika tumbo. "Mutoto mwanamuke na gitaa ya kurenti! Weye hata mwiko haujawahi kuchonga!"

"Na wewe umechonga nini, Samy? Penseli?"

Kwaya nzima ikacheka. Kwa kweli, mjukuu wangu alikuwa hajaruhusiwa kuligusa gitaa lile hata siku moja. Alijifunza kwa macho. Alichora mistari sita kwenye ubao mkuukuu, na jioni alikuwa akikaa mlangoni, vidole vikitembea juu ya nyuzi ambazo hazikuwapo.

Floribert akainua mkono. "Sawa, Nishimwe. Kabla ya Noeli ulete gitaa linaloimba sawasawa, nawe utalipiga mbele ya kanisa. Ukishindwa, utarudi kwenye benchi la waimbaji, na sitaki kusikia tena habari ya wasichana na gitaa. Msichana yeyote."

Wasichana wengine wakamtazama. Nishimwe akasema, "Nimekubali."

Mjomba wake, Jean-Marie, huteremsha maharagwe na jibini hadi Walikale, na hupandisha mafuta ya mawese. Safari iliyofuata alimletea Nishimwe vipande viwili vya mbao ambavyo wapasua mbao wa kule Mpofi walikuwa wameviacha. Kimoja kilikuwa libuyu, mti mwekundu kama udongo wa njiani baada ya mvua. Cha pili kilikuwa muvula, wa rangi ya asali, mgumu na mzito. Nilivipapasa kwa kiganja. Vilikuwa vya baridi, na vilinukia msitu.

Tulivipeleka kwa Papa Byamungu, seremala. Alivigonga kwa kidole, akavinusa, akaurefusha mdomo.

"Miti ni mizuri sana. Libuyu njo itakuwa tumbo la gitaa, muvula njo itakuwa shingo. Lakini iko mibichi, mwanangu. Uiweke kivulini mpaka mwezi wa tano."

"Papa, mwezi wa tano? Noeli itakuwa imepita zamani!"

"Mti haujui Noeli," alisema Papa Byamungu, akarudi kwenye randa yake.

Hapa ndipo nilipokosea mimi, na ninaandika kosa langu wazi. Nilimwambia Nishimwe, "Kwa nini kulia? Mahindi tunakausha wapi? Kuni tunakausha wapi? Juu ya moto, darini." Jikoni kwetu kuna dari ya miti juu ya mafiga, na kila kitu kibichi hukaa hapo mpaka moshi ukikaushe. Miti ya dari yenyewe imekuwa myeusi, na haijaliwa na mdudu tangu nilipoolewa. Nikadhani kinachofaa kwa mahindi kitafaa kwa gitaa.

Nishimwe alikata muvula vipande viwili. Kimoja alikipandisha darini pamoja na libuyu. Cha pili, kwa kuwa nafasi haikutosha, alikisukuma chini ya ukingo wa paa la nyumba ya jibini, juu ya vijiti viwili, akakisahau.

Baada ya majuma manne mbao za darini zilikuwa nyepesi na kavu. Nishimwe aliruka kwa furaha. Kazi ikaanza katika karakana ya Papa Byamungu, kila siku baada ya shule. Alipasua, akachonga kwa patasi, akapiga msasa mpaka nywele zake zikawa nyekundu kwa vumbi. Alikata spoki za baiskeli, akazipachika kwenye shingo, mstari kwa mstari, ili vidole vijue sauti zinapogawanyika. Funguo za kukazia nyuzi alizitoa kwenye lile gitaa lililovunjika.

Cindy, dada anayetengeneza redio sokoni, alimpa sumaku za spika mbovu na waya mwembamba kuliko unywele. Waya huo lazima uzungushwe kwenye sumaku mara elfu saba, ndipo sumaku isikie mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye ampli inayokuza sauti. Nishimwe alihesabu kwa maharagwe: kila mizunguko mia, haragwe moja ndani ya bakuli. Yalipofika sabini, akanyoosha mgongo akaniambia mimi bibi yake, "Koko, vidole vyangu vimekufa." Nikavipaka samli.

Siku moja nikamkuta ameinamia ile shingo. Mwisho wake, mahali inapoungana na tumbo, palikuwa na ufa mwembamba wenye urefu wa kidole. Alikuwa akichanganya gundi na unga wa mbao, akiushindilia ule ufa kwa kisu. Kisha akapaka vanishi nyeusi. Ufa haukuonekana tena.

Papa Byamungu akaingia. "Muti ilikauka vizuri? Haikupasuka?"

"Ilikauka vizuri, Papa," alijibu Nishimwe. Hakumtazama.

Niliona, nikasikia, nikanyamaza. Noeli ilikuwa karibu, na mimi pia nilitaka mjukuu wangu ashinde.

Jumamosi kabla ya Noeli, kanisa lilijaa vijana. Ampli iliunganishwa kwenye betri. Nishimwe akalivaa gitaa lake, libuyu iking'aa kifuani mwake, akapiga. Wimbo wa kwanza ulitoka safi. Niliona macho ya Floribert yakipanuka. Wasichana wa benchi la mbele wakaanza kupiga makofi.

Katika wimbo wa pili sauti zikaanza kupotea. Akakaza ufunguo mmoja, nyuzi nyingine zikalegea. Akazikaza hizo, shingo ikazidi kukunjika mbele, polepole, kila mtu akiona. Halafu ikalia: ta! Ufa ukafunguka, na gundi kavu ikadondoka sakafuni kama ganda la karanga.

"Eh! Gitaa imekuwa upinde!" Samy akapiga kelele. "Twende Walikale tukawinde nayo tumbili!"

Wavulana wakacheka. Floribert hakucheka. Ni mtu mpole, naye akataka kumfunika. "Labda ni hizi nyuzi za Goma," alisema. "Siku hizi wanauza nyuzi mbaya. Si kosa lako, Nishimwe. Weka gitaa chini, urudi kwenye benchi."

Niliona mjukuu wangu akisita. Neno la kumwokoa lilikuwa tayari, hakuhitaji hata kulisema mwenyewe. Ilitosha akubali tu kwa kichwa. Akanitazama, akamtazama Papa Byamungu aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha akainua kidevu.

"Nyuzi ni nzuri," alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Mti pia ni mzuri. Mimi niliukausha kwa haraka juu ya moto, ukapasuka. Niliona ufa, nikauziba. Papa Byamungu aliniuliza, nikamdanganya."

Akalivua gitaa, akaliweka sakafuni.

"Mapatano nimeyapoteza, nitarudi kwenye benchi. Lakini, Kaka Floribert, gitaa halikuvunjika kwa sababu nimevaa sketi. Limevunjika kwa sababu nilikuwa na haraka na nilisema uongo. Uniadhibu mimi kwa hayo. Usiwaadhibu wasichana wote. Na gitaa nitalitengeneza tena, hata kama nitawapigia ng'ombe kule kilimani!"



Nami nikasimama. "Habari ya moto nilimwambia mimi," nikasema. "Na ufa niliuona. Kama kuna adhabu, mutuadhibu sisi wawili."

Nje, Papa Byamungu alikuwa akitungoja. Nilidhani atamfokea mtoto. Akamuuliza tu, "Kile kipande kingine cha muvula kiko wapi?"

Tulikikuta chini ya paa la nyumba ya jibini, pale pale, juu ya vijiti vyake. Upepo ulikuwa umepita juu na chini. Papa Byamungu akakiinua, akafumba jicho moja, akakitazama kwa urefu wake. Kilikuwa kimenyooka.

"Kinaenda vizuri. Lakini bado," alisema.

"Mpaka mwezi wa tano?" Nishimwe aliuliza.

"Mpaka mwezi wa tano."

Safari hii hakubisha. Alipaka nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili, ili mti usikauke kwa kupitia nchani peke yake. Na kila asubuhi, tukimaliza kugeuza jibini, alitoka nje na kukigeuza kile kipande cha muvula. Jibini, kisha mti. Mvua ya mwezi wa tatu ikaja, akakisogeza ndani zaidi. Samy akipita njiani alimwita, "Nishimwe, jibini yako ya miti imeiva?" Naye akajibu bila kugeuka, "Bado. Ikiiva utaisikia."

Mwezi wa tano alichonga shingo ya pili. Hakuipaka vanishi nyeusi. Aliipaka mafuta tu, ili kila mshipa wa mti uonekane. Tumbo la libuyu nalo lilikuwa na ufa mdogo pembeni, wa siku zile za moto. Papa Byamungu akaufunga kwa kipande cha muvula, rangi ya asali juu ya wekundu, kila mtu akione.

Na aliyoyaahidi aliyatimiza. Siku moja aliazima ampli na betri kwa Cindy, akapanda navyo kilimani kwa pikipiki ya mjomba wake, akawapigia ng'ombe. Nilikuwa hapo. Ng'ombe wawili walikuja karibu, wengine wakaendelea kula. Nyuzi zilikaa mahali pake wimbo baada ya wimbo, na sauti ikateremka bondeni.

Ilimfikia Floribert, aliyekuwa shambani kwake. Akapanda kilima na jembe begani. Alichukua gitaa, akaitazama shingo kwa jicho moja, akagusa kile kipande cha rangi ya asali pembeni.

"Hii ni nini?"

"Ni ufa, kaka. Upo hapo. Tumeufunga, hatukuuficha."

Floribert akamrudishia gitaa. "Jumapili ni Pentekoste. Uje nalo. Na neno langu lile la msichana yeyote, nilikosea. Nitalisema mbele ya kwaya."

Alilisema kweli. Na Nishimwe akapiga, nyimbo sita, wala hakuna ufunguo uliohitaji kukazwa tena.

Jioni ile nilimkalisha karibu nami, kwenye kizingiti cha nyumba ya jibini. "Mjukuu wangu," nikamwambia, "sikukatazi kuwa mbishi. Watu wakikuambia huwezi, bisha. Lakini ubishane na watu, usibishane na mti. Mti haukudharau, haukuonei. Unataka tu siku zake. Na ufa ukitokea, uonyeshe mapema, ungali mdogo. Mimi niliuona na nikanyamaza, kwa hiyo somo hili ni letu wawili."

"Ndiyo, Koko."

Siku hizi chini ya paa langu kuna vipande vinne vya mti juu ya vijiti. Viwili ni vya wasichana wa kwaya, kimoja ni cha Nishimwe. Cha nne ni cha Samy. Kila asubuhi hupitia hapa kukigeuza kabla ya shule, na Nishimwe husimama mlangoni, mikono kiunoni, akimhimiza:

"Taratibu, Samy! Na ukimaliza, uingie ndani. Jibini pia inakungoja."